Picha Iliyotulia Mno

Kwetu Buha huwezi kumwamrisha mtu mzima kabla hujamsalimia. Hata nyumba ikishika moto, kwanza utapiga makofi ya heshima, useme mwidiwe, mzee aitikie naye kwa makofi yake, ndipo umweleze kwamba paa linaungua. Watu wa mikoa mingine hutucheka kwa hilo, na wacheke tu, meno ni yao. Mimi mwenyewe nililicheka sana, mpaka siku liliponitoa jasho ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi katika hospitali moja hapa Kasulu. Miaka mingi nilipiga zile za kawaida, za mifupa iliyovunjika na vifua vya wakohozi, kisha tukaletewa mashine ya CT. Ni ile yenye tundu kubwa katikati. Mgonjwa analala juu ya kitanda chembamba, kitanda kinamwingiza tunduni, na sisi tukiwa nyuma ya kioo tunapata picha za ndani ya mwili wake, slesi kwa slesi, kama mkate. Ukipiga kifua, mikono ya mgonjwa huwekwa juu ya kichwa, na lazima abane pumzi kwa muda mfupi. Akipumua, mapafu yanacheza, picha inavurugika, umefanya kazi bure.

Mashine hutoa amri hizo yenyewe kwa sauti iliyorekodiwa. Yetu ilikuja na Kiingereza, na Kiswahili cha bwana mmoja anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Sasa mlete bibi wa Nyakitonto, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya gulioni na ya kwa mtendaji, umlaze humo tunduni, halafu bwana yule amwambie avute pumzi na kuizuia. Bibi anakodoa macho tu darini. Ndipo dada yangu, aliyekuwa muuguzi hapo hapo, akajitolea kurekodi amri zile kwa Kiha.

Tuligombana siku ya kurekodi. Mimi nilitaka amri fupi: vuta, bana, pumua, kwisha. Yeye akakataa katakata. "Unataka niwafokee wazazi wa watu?" akaniuliza. Akaanza na mwidiwe, taratibu, akilivuta neno mwishoni kama ilivyokuwa desturi yake, kisha ndipo akaja kwenye pumzi. Nikamwambia ataona.

Tukaona, loh! Mzee wa kwanza kusalimiwa na mashine aliitikia. Akapiga makofi hukohuko juu ya kichwa, akauliza habari za nyumbani, na picha ikatoka kama mtu aliyepigwa akicheza ngoma. Wa pili vilevile. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo ikabidi tuwaonye kabla: utasikia sauti ya mwanamke, anakusalimia, usimwitikie, anajua wewe ni mgonjwa. Wengi walitii. Wengine walishindwa, wakaitikia kwa kunong'ona, na tukarudia.

Halafu dada akafa. Nasema hivyohivyo, akafa, maana nimechoka kusema ametangulia. Presha ilimpanda, akalazwa katika wodi ileile aliyokuwa akiihudumia, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa Kibondo tukimzika nyuma ya migomba ya mama.

Niliporudi kazini, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Muyama. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umejaa hadi madirishani, taa zinawaka mchana kweupe. Nikamlaza, nikamwonya, nikarudi nyuma ya kioo, nikabonyeza kitufe. Mwidiwe, ikasema mashine. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yumo. Nilikuwa nimemvisha sanda kwa mikono yangu, nimemtupia udongo, na sasa anamsalimia mzee wa watu kwa upole uleule, anamwambia avute pumzi.

Basi tukaishi hivyo. Kila siku ya kazi dada yangu alisalimia watu. Hakuchoka, hakupata mafua, hakukasirika. Mama wa usafi akaacha kuingia mashine ikiwa imewashwa. Alipiga deki kuanzia mlangoni kwa mti mrefu, shingo ameikaza upande. Mwenzangu wa zamu, kijana wa familia ya wenye maduka pale mjini, Mwislamu mshika swala, kila ikitoka ile mwidiwe alimung'unya astaghfirullah. Siku moja akajikaza akaniuliza kama si vizuri tumfute. Nikamwambia kamfute mama yako. Hakuuliza tena, maskini, na mimi sikumwomba radhi mpaka mambo mengine haya yalipotokea.

Sikumleta mama pale. Aliuliza mara nyingi nafanyia wapi kazi, chumba kikoje, nikawa namzungusha. Niliogopa.

Kisha ikaja programu ya kusafisha picha. Mashine yetu haikuwa mpya ilipotufikia, na ukiilazimisha kutoa mionzi mingi ili picha zing'ae, unaichosha, na mgonjwa naye unamchoma mionzi ya bure. Ukitumia mionzi kidogo, picha inajaa chenga kama televisheni ya kijijini. Dawa ya hilo, tuliambiwa, ni akili mnemba. Akaja fundi kijana kutoka Dar, shati jeupe, viatu vimejaa vumbi letu jekundu, akaisimika kwa siku nzima. Akanieleza vizuri, sitamsingizia. Programu imeonyeshwa picha nyingi mno za miili ya watu, chafu na safi, mpaka ikajifunza yenyewe kwa kina mwili wa binadamu unavyokaa. Ukiipa picha yenye chenga, inajua hapa ni chenga na hapa ni mbavu, inaondoa kile, inaacha hiki. Hata mgonjwa akitikisika kidogo, inanyoosha.

"Imejifunzia miili ya akina nani?" nikamuuliza.

"Ya watu, dada."

"Watu gani? Wa wapi?"

Akacheka. "Mapafu ni mapafu, dada yangu."

Mwanzoni niliipenda, kwa nini niseme uongo? Picha zilikuja safi, nyororo, kila mshipa umekaa mahali pake. Daktari bingwa anayetusomea picha akiwa mbali alitupongeza kwa simu. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuziangalia kwa jicho la pembeni. Nilimpiga mtoto wa Kakonko aliyekuwa akilia na kurusha miguu, tumemshika watu wazima watatu, na picha ikatoka ametulia kama maiti aliyeoshwa akisubiri kuswaliwa. Mgonjwa wa pumu, kifua kinampanda na kushuka kama mvukuto, picha yake imetulia. Wote walitulia. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, nikawa najiuliza hivi vinaundwa na nani, na anapovikosa vipande anavitoa wapi. Kisha naita mgonjwa mwingine, naendelea, foleni nje haijali mawazo ya mtu.

Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kikamaliza kiangazi, kikaingia masika. Makohozi yalipimwa Kibondo, kifua kikuu hakuna. Akazidi kukonda, gauni la kanisani likamning'inia mabegani. Nikamleta Kasulu, akaja na mfuko wa maharage utadhani kwangu hakuna soko. Daktari wetu akamsikiliza kifua, akanivuta pembeni, akaniambia bila kuzunguka: "Mpige CT. Kama kuna kitu na bado ni kidogo, Mwanza watakikata na mama atapona. Kikiachwa kikakua, tutabaki na dawa za maumivu tu." Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Baba alikufa kwa jambo lililochelewa kuonekana, na mama ndiye mzazi niliyebaki naye.

Nilipanga niizime ile sauti kabla sijamwingiza. Mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, maana nilitaka kumlaza mama mwenyewe. Nikamlaza mama, nikampandisha mikono, nikamfunika shuka, nikamwambia asiogope. Nikarudi. Sijafunga hata mlango vizuri, mwenzangu kwa mazoea akawa ameshabonyeza.

Mwidiwe, ikasema.

Nilimwona mama kupitia kioo. Mikono yake iliyokuwa imelegea juu ya kichwa ikakutana, ikapiga kofi, ikapiga tena, polepole, yale makofi ya kumpokea mtu aliyetoka mbali. Kitanda kilikuwa kinamwingiza. Kwenye spika ya upande wetu nikasikia sauti yake ikiitikia ego, mwanangu, ego. Umeshinda wapi? Mbona kimya hivyo? Dada akamwambia avute pumzi. Mama akamwambia tumekutafuta. Dada akamwambia abane. Mama akaendelea kuzungumza. Mashine ikazunguka, ikamaliza, dada akamwambia apumue.

Alitoka tunduni anatabasamu, machozi yamemwingia masikioni kwa jinsi alivyokuwa amelala.

"Kumbe yuko huku," akasema. "Kwa nini ulinificha?"

"Mama, ni sauti tu. Kama redio."

"Redio naijua, mimi si mjinga. Redio haijawahi kunisalimia."

Nikamwacha avae. Nikarudi kwenye skrini nikijua tutarudia kazi yote, maana mtu aliyepiga makofi na kupiga soga humo ndani huwezi kupata chochote kwake. Picha zikaanza kushuka moja moja. Mama yangu alikuwa ametulia. Mbavu zimechorwa kwa wembe, moyo umekaa, mapafu meusi na safi toka juu hadi chini. Amebana pumzi vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyepata kumpiga. Nilimtazama mwenzangu, akanitazama. Sote tulikuwa tumeyaona yale makofi.

Majibu ya daktari bingwa yalirudi siku ileile: mapafu safi, hakuna kitu. Watu wa idarani wakanipa mkono, wakasema Mungu mkubwa. Jioni mama akala migebuka na ugali wa muhogo, akakohoa, akala, akakohoa. Nilikuwa najiuliza swali moja tu, na lilinitisha kulisema kwa sauti. Ile picha ni ya nani? Mtu aliyelala vile kimya, akabana pumzi vile, hakuwamo katika chumba chetu. Mama alikuwamo, alikuwa anaongea na marehemu. Yule mwingine alitoka wapi?

Nikampigia fundi wa Dar, na nakiri nilianza kwa ukali.

"Lakini kosa liko wapi, dada?" akasema. "Ametikisika, programu imesahihisha. Ndiyo kazi yake."

"Imesahihisha au imetunga?"

"Haitungi. Inakadiria."

"Inamkadiria mama yangu?"

Hapo akaacha kujitetea, akawa mtu. Akaniambia vipimo ghafi bado vimo ndani ya mashine, havijafutika, akanielekeza namna ya kuvitengeneza picha kwa njia ya zamani bila akili mnemba. Akasema nifanye haraka kabla wagonjwa wengine hawajajaza nafasi.

Nilifanya asubuhi, mvua inapiga bati, mwenzangu amesimama nyuma yangu. Picha ikatoka imejaa chenga. Mbavu zilikuwa mbilimbili. Moyo una kingo mbili. Mwili wa mama ulikuwa na mzingo mwingine pembeni yake, hafifu, kana kwamba watu wawili wamelala kitanda kimoja, mmoja ndani ya mwenzake. Mwenzangu akasema astaghfirullah, na safari hii nilitamani niwe na yangu ya kusema. Mtikisiko ndio huleta hayo, hata mwanafunzi anajua. Nilijirudia hilo zaidi ya mara moja. Chini, upande wa kulia, karibu na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, palikuwa na kivuli kidogo kilichopakazwa, kama mtu amefuta kidole chenye masizi. Nikafungua picha safi. Hakipo. Nikarudi kwenye chafu. Kipo.

Daktari bingwa nilimtumia zote mbili. Hakunibeza. Alizitazama kwa muda, akanipigia. "Inaweza kuwa mtikisiko tu," akasema, "na inaweza kuwa kitu. Siwezi kumpeleka mama wa mtu kisuni kwa ajili ya kivuli, na siwezi tena kusema hakuna. Nipatie picha ya mtu aliyetulia kweli."

Mama alipoambiwa atarudi kwenye mashine alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Akajifunga kitenge cha kanisani, akajipaka mafuta, akachana nywele. Nikamketisha.

"Mama, safari hii usimwitikie."

"Nani, dada yako?"

"Ile sauti. Ukiitikia, unatikisika, picha inaharibika, hatutajua unaumwa nini."

"Mtoto anisalimie nikae kimya?" Alinitazama kama nimemtukana. "Kwetu hapa usiyemwitikia ni yule mliyegombana. Yule amenikosea nini? Kama ananisikia, aende akajue nimemnunia?"

"Basi nitamzima."

"Mzime, kwani mwenye mashine si wewe."

Nilimzima. Nikamlaza mama, nikarudi nyuma ya kioo, nikashika maiki mwenyewe. Nikasema mama, vuta pumzi. Akainua kichwa. "Yuko wapi?" Nikasema mama, lala, vuta pumzi. Akashusha mikono, akaketi kitandani na kitenge chake, akaangalia ndani ya lile tundu kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. "Silali mpaka aje," akasema.

Hasira zilinipanda, na nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho nitakisema kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Ni wivu. Tangu tulipozika, kila nilipopiga simu mama alizungumza habari za yule. Mimi ndiye niliyenunua dawa, mimi ndiye niliyempandisha basi, mimi ndiye niliyekuwa sili wala sinywi kwa kivuli kisichozidi ncha ya kidole, na yeye ameketi pale anamsubiri aliye chini ya migomba. Kumwonea wivu marehemu, tena dada yako, aibu iliyoje! Lakini niliuona kabisa moyoni, na nilitaka kulia kwa sauti.

Sikupanga nililofanya. Sauti zetu zilikuwa zinafanana tangu utotoni. Kwenye simu hata mume wake alikuwa akituchanganya. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda taratibu, akivuta mwisho wa neno, na mimi nina haraka kama mtu anayefukuza kuku. Nikabonyeza maiki, nikapunguza mwendo.

"Mwidiwe," nikasema.

Ile sauti ilitokea kule ndani, ikanirudia kwenye spika ya huku, na iliponirudia haikuwa yangu. Ilikuwa yake. Mwenzangu akasimama, akafungua mlango, akatoka bila kuaga. Kule ndani kichwa cha mama kikarudi polepole kwenye mto. Mikono ikapanda yenyewe juu ya kichwa. Nikaona viganja vinasogeleana.

"Leo usiniitikie," nikasema kwa Kiha, kwa sauti ya dada yangu. "Kaa kimya tu. Vuta pumzi. Ibane. Usipumue mpaka nikuambie."

Viganja vikasimama. Nikamwingiza, safari hii kwa mionzi ya kutosha, kwa njia ya zamani. Mama alitulia. Sijapata kumwona mtu hai ametulia namna ile; hata kope hazikucheza. Mashine ikazunguka, ikamaliza, ikanyamaza. Nikafungua kinywa nimwambie apumue, na sauti haikutoka. Namwona kule, kifua hakipandi, hakishuki, anasubiri nimruhusu, nami nabonyeza maiki inatoka hewa tupu. Nikaona nimemuua. Nikaona nimemwita yule aje kumchukua na amekuja.

"Pumua, mama!" Hatimaye ilitoka, tena kwa ukali, kwa sauti yangu mwenyewe.

Akapumua. Akakohoa mpaka kitanda kikatikisika, na sijawahi kufurahia kikohozi kama nilivyofurahia kile.

Kilikuwepo. Kinundu kama punje ya harage, pale pale juu ya kiwambo upande wa kulia, na kingo zake zinaonekana. Daktari bingwa hakukawia: kitu kipo, bado kidogo, Mwanza mara moja. Nikaipitisha picha hiyo hiyo kwenye programu, nitazame tu, na programu nayo ikakionyesha, kwa usafi wa ajabu, hata mimi nisingekichora vizuri zaidi. Haikuwa na ubaya na mama. Siku ile ya kwanza ilikuwa imepewa watu wawili kwenye kitanda kimoja, ikachagua mmoja. Tangu hapo natengeneza picha zote mbili, chafu na safi, na natuma zote, mtu akilalamika kwamba namjazia kompyuta namwambia ijae tu.

Mwanza walimtoa kipande cha pafu, na mpaka ninapoandika haya mama yuko Kibondo anapalilia maharage yake na kunigombeza kwa simu. Lakini asubuhi ile hatukujua kama itakuwa hivyo. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, amevishwa lile gauni la kijani lisilofunga mgongoni, mdogo kama mtoto. Mimi nimeshika pindo la shuka lake kwa sababu sikujua nishike nini.

"Ile siku," akasema, "ulidhani sikujua?"

"Kujua nini, mama?"

"Yule wa kwenye mashine hahemi. Mara ya kwanza nilimsikiliza, anasalimia vizuri, ananiambia nivute pumzi, yeye mwenyewe hahemi. Wewe ulikuwa unahema kama umekimbia kutoka mtoni. Neno moja tu, nikajua ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini basi alilala, kwa nini hakuniumbua palepale, mbele ya foleni nzima.

"Nikuumbue kwa lipi? Yule nimwitikie, nisimwitikie, ameshakwenda. Wewe ulikuwa unalia kwa sauti ya mwenzako ili mimi nipone."

Wauguzi wakaja, wakafungua breki za kitanda. Mama akauachia mkono wangu, na mimi sikuwa hata nimejua kwamba alikuwa ameushika.

"Nilitaka sana kukuitikia, mwanangu," akasema wakianza kumsukuma. "Lakini ulisema ninyamaze."